Mwezi Ulipoinua Kidevu

Juma lililopita chuma cha vitumbua cha mama yangu kilipasuka. Mjukuu wangu alikiacha kwenye moto mkali bila mafuta, akaenda kupokea simu, na aliporudi akakimwagia maji baridi. Kikatoa mlio mmoja mkavu. Tulipokigeuza tukaona ufa umekatiza mashimo matatu kati ya saba. Akaniomba radhi, akaahidi kuninunulia kingine chepesi kisichoshika, nami nikamwambia hakuna neno, mwanangu, vyombo huchakaa. Lakini nilikaa nacho mapajani mchana kutwa nikipapasa yale mashimo kwa kidole, na watu wa nyumbani wakadhani namkumbuka mama. Nilikuwa namkumbuka, ndiyo. Ila zaidi nilikuwa nakumbuka mwezi.

Wenzangu mliokulia Kariakoo kabla ya uhuru hamhitaji kuelezwa nyumba tulizokaa: vyumba sita, ukumbi katikati, uani kisima na jiko la kila mtu. Sisi tulikuwa na chumba cha pili mkono wa kushoto. Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, na mama alikaanga vitumbua mara mbili kwa siku, alfajiri na alasiri. Katika vile vya alasiri nilipewa kumi vyenye iliki nyingi, vimefunikwa kwa kitambaa, nivipeleke kwa Fundi Jayanti kwenye ghorofa ya pembeni, upande wa kuelekea Msimbazi.

Fundi Jayanti alikuwa fundi saa. Alikuwa Mhindu mzaliwa wa Unguja, na Kiswahili chake kilitutia haya sisi watoto wa mtaani, maana tukikata neno alilirudisha zima kabla ya kutujibu. Duka lake lilikuwa jembamba kama ukanda, lilinuka benzini, na saa za ukutani zote zilikuwa hai, kila moja ikisema lake. Mkewe tulimwita Mama Kanta, kwa jina la binti yao aliyeolewa Mombasa. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye ulimi ambao mumewe alikuwa ameshauzoea kama mlio wa saa zake.

Siku moja nilimkuta Fundi amepiga magoti chini ya meza, anapapasa sakafu kwa viganja. Skrubu ya saa ya kike ilikuwa imemponyoka, kitu kidogo kuliko punje ya ufuta. Mimi niliiona pale pale, imelala kando ya mguu wa kiti, nikaiokota kwa ncha ya kidole kilicholowa mate. Mama Kanta akacheka, akamwambia kwamba nusu saa nzima amekuwa akipekua kama kuku na mtoto ameona akiwa bado mlangoni. Fundi hakucheka. Akanipa saa, akaniuliza kama naiona alama iliyochorwa ndani ya kifuniko. Nikamsomea. Akanipa nyingine, nikasoma tena. Ndipo akaniuliza kama naogopa ngazi.

Mama hakuniachia nipande juu ya nyumba ya watu hivi hivi. Alikuja mwenyewe jioni ya kwanza, akapanda hadi darini, akamkuta Mama Kanta ameketi kwenye mkeka na ungo wa dengu, akaridhika. Kabla ya kushuka akanivuta pembeni, akanikumbusha alilokuwa akinifunza tangu nianze kusema: mkubwa hakataliwi neno. Nikiulizwa nijibu kwa adabu, nisibishane, nisijifanye najua. Nikaitikia.

Paa lile lilikuwa la saruji, bapa, na kulizunguka pande zote zilitanda bati za Kariakoo, zenye kutu na mpya, zikitoa joto la mchana. Katikati kulikuwa na kitanda cha kamba, na juu yake, kwenye ngazi iliyosimamishwa na kufungwa kwa kamba, darubini ya shaba yenye urefu wa mkono wa mtu mzima. Fundi aliinunua mnadani, katika vitu vya afisa mmoja wa meli. Kitanda kilikuwa na sababu yake. Kwetu hapa mwezi nusu, jua linapotua, huwa karibu utosini, na anayetaka kuutazama kwa darubini asivunjike shingo sharti alale chali. Basi nikalala chali, nikafumba jicho moja kwa kiganja kama nilivyoelekezwa.

Kitu cha kwanza nilichoona ni kope zangu mwenyewe. Kisha zikasogea, na nuru ikaingia.

Sijui nilikaa muda gani bila kuvuta pumzi. Nilikuwa nimeujua mwezi maisha yangu yote, tukiuchezea, tukiuimbia, tukiuonesha kwa kidole, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia kwamba ni mahali. Ulikuwa na ardhi. Ulikuwa na ukingo uliochongoka, na kwenye ukingo ule, sehemu ya juu kabisa ya nilichokiona, mashimo ya duara yalibanana bila kuachiana nafasi, moja limeegemea jingine, dogo limekaa juu ya mdomo wa kubwa, nusu yake inang'aa na nusu ni nyeusi tii. Tena vyote vilikuwa vinatetemeka. Nikainuka haraka kutazama mbele ya darubini, nani ameshika chuma cha mama.

Mama Kanta alicheka mpaka dengu zikamwagika. Nikaeleza kwamba nimeona chuma cha vitumbua, na unga wenyewe unachemka. Fundi akaketi kando ya kitanda akanifafanulia taratibu, kama anavyofungua saa, kipande kimoja kwanza. Kinachochemka si mwezi, ni hewa iliyo juu ya bati za majirani. Ngoja zipoe, mwezi utatulia. Darubini hii hupindua vitu, hivyo ninachokiona juu ndicho cha chini, na pale palipojaa mashimo ni ncha ya kusini. Na mashimo yale si madogo. Moja lingechukua nchi yote kutoka hapa hadi Bagamoyo. Jingine lingemeza njia nzima ya reli hadi Morogoro na bado treni isingefika ukuta wa pili.

Nilimwuliza kwa nini ndani mna weusi hivyo. Akaniambia nifikirie asubuhi jua linapochomoza, jinsi hata kokoto barabarani inavyokuwa na kivuli kirefu kama mtu. Kule nchani, akasema, ni asubuhi siku zote. Jua hutambaa pembeni, halipandi kamwe. Kwa hiyo yako mashimo ambayo jua hugusa midomo tu.

"Na chini kabisa?" nikauliza. "Jua halijafika hata siku moja?"

"Hata siku moja," akasema. "Tangu Mungu aumbe."

Nilirudi nyumbani na jambo hilo kichwani kama niliyebebeshwa mtungi uliojaa, naogopa kulimwaga. Kwa akili yangu ya miaka tisa nilikwisha kuamua kwamba chini kule wamo watu, na kwamba kule kutetemeka ni wao wanaita waletewe taa. Fundi aliniambia ni hewa, nami niliitikia, lakini usiku niliwaombea.

Jioni zilizofuata nikajifunza kwa nini alinihitaji. Alikuwa na daftari kubwa la karatasi nene, na kwa miaka kumi na moja alikuwa akichora kwa penseli ukingo wa mwezi upande wa kusini, kipande baada ya kipande. Michoro ilikuwa mizuri ajabu. Hata mimi niliweza kutambua mashimo niliyoyaona jana yake. Ukurasa mmoja tu ulikuwa mweupe, wa mahali penyewe pa ncha. Hapo, alinieleza, hapaonekani siku za kawaida.

Nawe unaweza kulielewa jambo hili bila darubini. Mtazame mtu anayekusikiliza huku anaitikia kwa kichwa. Akiinama unaona utosi wake. Akiinua uso unaona chini ya kidevu, mahali ambapo dakika moja nyuma palikuwa pamefichika. Mwezi nao hufanya hivyo, polepole sana, na ncha ya kusini ndiyo kidevu chake. Lakini haitoshi uinue kidevu. Sharti wakati huo huo jua liwe linapapiga, na mawingu yawe yameondoka, na wewe uwe juu ya paa. Mara ya kwanza bahati hiyo ilipokuja, mvua za masika hazikukatika. Ya pili iliangukia arusi ya Kanta. Mama Kanta alipenda kutusimulia kwamba mumewe alithubutu kuuliza kama bwana arusi hawezi kungoja siku mbili.

Sasa ilikuwa inakuja ya tatu, jioni mbili tu, mwezi unaofuata. Na macho ya Fundi yalikuwa yanakwisha. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, ungeweza kuuona ule ukungu mweupe ukisimama karibu naye, na la kushoto lilikuwa linafuata. Kidogo kilichobaki alikitumia mchana kwa saa za watu. Kwenye darubini aliona nuru tu, kama taa nyuma ya shuka. Chama cha watazamaji wa mwezi huko ng'ambo, alichokuwa akikiandikia tangu ujana, kilikuwa kinangoja ukurasa ule. Ramani zao wenyewe zilikuwa tupu mahali pale pale. Hakusema kwamba hatapata bahati ya nne. Mama Kanta ndiye alilisema, siku moja akiwa ananisindikiza ngazini.

Basi tukafanya mazoezi. Mimi nilitazama, nikasema, naye akachora kando ya taa ya chemni, uso ukikaribia kugusa karatasi. Lugha niliyokuwa nayo ilikuwa ya jikoni, naye aliipokea yote. Hiki kimeumuka. Hiki kimevunjika mdomo. Hapa vitatu vimeshikana kama mama alipozidisha unga. Alipenda, akawa ananijibu kwa lugha hiyo hiyo. Ila alikuwa na namna yake ya kuuliza. Kwa kuwa aliyajua mashimo mengine tangu macho yake yalipokuwa mazima, aliuliza huku penseli imekwisha gusa karatasi: katikati kuna kilele, sivyo? Na kushoto kwake kuna kijishimo, sivyo?

Mara nyingine kilikuwepo. Mara nyingine nilikodoa jicho mpaka likatoa machozi nisione kitu. Nami nilikuwa mtoto niliyefunzwa. Nilisema ndiyo, Fundi.

Sikuona kwamba nasema uongo. Nataka unielewe hapo, kwa sababu pengine nawe ulilelewa hivyo. Mkubwa akisema mvua itanyesha, unaitikia, na mvua isiponyesha si kosa lako. Niliamini kwamba Fundi anajua, na kwamba kazi ya ndiyo yangu ni kumpa heshima.

Jioni ya kwanza ikafika, anga safi. Bati zilipopoa mwezi ukatulia kama sahani, na pale ukingoni, ambapo siku zote palikuwa ndio mwisho, palikuwa na nchi mpya. Kulikuwa na ukuta nyuma ya ukuta, na nyuma yake tena vilele vilivyowaka vyenyewe gizani, vimetengana na mwezi kabisa, kama makaa yaliyoruka kutoka jikoni. Nilisema kila nilichokiona kwa pupa. Fundi alichora, akauliza sivyo, na sivyo, na sivyo, na mimi nikaitikia zote. Ukurasa ukajaa. Sijapata kumwona mtu mzima akifurahi vile. Aliuinua kwenye taa, akaugeuza huku na huku, akasema kesho mchana ataupitishia wino, jioni tutatazama tena mara moja kuuaga mwezi, kisha posta.

Neno wino lilinishtua. Penseli hufutika.

Usiku huo, tumelala, nilimwambia mama kila kitu. Akageuka kitandani kunielekea.

"Kwa hiyo hayo mashimo hayapo?"

"Mengine yapo, mama. Mengine sikuyaona."

"Na yeye anadhani uliyaona."

Nikamwambia alinikataza kumkatalia mkubwa. Akashusha pumzi. Akasema ni kweli alinikataza, na hakufikiria siku ambayo mkubwa angenihitaji nimkatalie. Akasema nitakwenda asubuhi, kabla wino haujafunguliwa, na nitakwenda peke yangu.

Nilikwenda bila vitumbua, nikajisikia mtupu mikononi. Fundi alikuwa mezani na lenzi yake jichoni, na kando yake daftari na chupa ya wino, bado ina kizibo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Akaitoa lenzi. Akaniuliza mashimo ya uongo ni yapi. Nikasema sijui, nimesahau lipi nililiona na lipi niliitikia tu. Akaniuliza kwa nini nilifanya vile.

"Wewe mkubwa," nikasema.

 Saa zote zile zilikuwa zinagonga, na mimi nikazihesabu ili nisilie. Aliyesema ni Mama Kanta, kutoka nyuma ya pazia.

"Na wewe umeulizaje? Miaka thelathini unawaambia wateja, 'Sasa inakwenda vizuri, sivyo?' Nani amewahi kukwambia hapana? Hata mimi ukija jikoni, 'Mchuzi umekolea, sivyo?' Nasema umekolea ili utoke."

Fundi akageukia pazia, kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka. Alipomaliza akachukua kifutio. Nilidhani atafuta kidogo. Akafuta ukurasa mzima, kwa utaratibu, kutoka kona hadi kona, akipuliza vumbi la mpira, mpaka karatasi ikabaki na kivuli tu cha kazi ya jana. Kila alipofuta niliona moja la kweli likienda na la uongo.

"Leo nitakuuliza wapi, Mwajuma, na nitakuuliza nini," akasema. "Basi. Na usipoona kitu, utaniambia huoni."

Jioni ile mawingu yalianza kuja kutoka upande wa bahari kabla hata ya magharibi. Tulipanda mapema. Mama alikuja pia, akaketi mkekani na Mama Kanta, wote wawili mikono juu ya ungo mmoja, na hakuna aliyechambua chochote. Mwezi uliingia na kutoka. Kila ulipotoka Fundi alisema neno moja, "Wapi," nami nikasema juu ya vile vitatu vilivyoshikana. "Nini." Nikasema duara, mdomo wa kulia umebomoka, ndani giza. Kilele? Hakuuliza. Nikakitafuta mwenyewe. Hakikuwepo, na kwa mara ya kwanza kutokuwepo kwake nikakuona kama kitu, kilikuwa na umbo, weusi laini usiokatizwa na chochote, chini ya kuta ambazo jua lilizilamba tu na kupita.

Nikatazama pole pole namna ambayo sikuwahi kutazama. Niligundua kwamba jana sikuwa nimetazama. Nilikuwa nimengoja kuulizwa. Nchi ile mpya iliendelea kufunguka jinsi nilivyoingoja. Ukuta uliokuwa mmoja ukawa miwili. Kaa moja gizani likaonekana lina mkia mwembamba, mgongo wa mlima unaoanza kushika nuru, na wakati naliangalia likaungana na jirani yake. Lilikuwa jua linachomoza mahali, juu ya mlima, na mimi nilikuwa naliona likichomoza nikiwa Kariakoo, nimelala juu ya kamba. Nilimwambia Fundi. Sauti yangu ilitoka ndogo. Akasimamisha penseli, akauliza ni polepole kiasi gani, na nilipomwambia, akainua uso wake kuelekea kule juu, kwenye nuru asiyoweza kuigawa.

Mawingu yalikuwa yamebakiza uwazi kama wa dirisha. Fundi aliinama tena.

"Na nyuma ya ukuta wa mwisho kuna jingine, siv—"

Akajikata.  Nilimwona mama kwa pembe ya jicho.

"Hapana, Fundi," nikasema.

Nilingoja kofi, au sauti ya mama. Haikuja. Kwa umri wangu wote sikuwa nimemwambia mtu mzima neno lile nikimtazama.

"Hapana kitu kabisa? Au hapana unachokiona?"

Nikarudisha jicho. Nyuma ya ukuta ule palikuwa na giza, na giza halikuwa na mdomo, wala ukingo, wala duara. Lilikwenda tu. Nikamwambia sioni kitu, na sioni giza linaishia wapi. Nikatazama mpaka wingu likafunika, na lilipofunika, halikufunua tena. Kutoka msikitini wakaadhini isha.

Mama Kanta alisema chakula kinapoa na hakuna aliyenyanyuka. Fundi alikuwa amechora mpaka kwenye ukuta wa mwisho, akaishia hapo. Ukurasa wa leo ulikuwa na mashimo machache kuliko wa jana, karibu nusu yake, na sehemu ya juu ilibaki nyeupe, upana wa vidole vinne. Nikaona aibu ya ule weupe. Nikamwambia labda mwakani. Akatikisa kichwa, siyo kwa huzuni, akavuta taa karibu, na pale kwenye weupe akaandika kwa herufi ndogo zilizonyooka. Aliandika kwa Kiswahili, ingawa ukurasa ulikuwa unakwenda kwa watu wasiokijua. Akanipa nisome, na kwa kuwa mama alikuwa hajui kusoma, nikasoma kwa sauti.

Hapa Mwajuma alitazama, hakuona kitu.

Kisha akang'oa kizibo cha chupa, akachovya kalamu, na kabla ya kugusa shimo lolote akaanza kupitishia wino maneno hayo.